Jinsi ya Kufundisha Historia ya Tanzania Mtandaoni Bila Kugeuka Redio

Mwalimu mwenzangu, kama umewahi kuzungumza dakika 40 nzima juu ya Vita vya Maji Maji, ukauliza "tupo pamoja?", ukaitikiwa "ndiyo mwalimu" na sauti mbili kati ya wanafunzi 38, mwongozo huu ni wako. Malalamiko ninayoyapata kutoka kwa walimu wa kidato cha tatu hadi cha sita ni yaleyale: wanafunzi wanaingia, wanazima kamera, wanapotea. Kwenye jaribio wanarudisha madesa neno kwa neno, pamoja na makosa ya tahajia ya mwalimu mwenyewe.

Nami nilishindwa hivyohivyo. Likizo ya kwanza niliyofundisha kwa simu nilisoma notisi zangu kama mtangazaji wa taarifa ya habari. Mwisho wa wiki mama mmoja akanipigia kunishukuru: "Mwalimu, mwanangu anakuweka spika huku anaosha vyombo, hapotezi muda kabisa." Hakuwa akilalamika. Nilikaa na simu mkononi nikijiuliza nicheke au nilie.

Darasani unaona macho ya mwanafunzi, unajua nani amekuacha. Simu haikuoneshi macho. Kwa hiyo kila dakika chache mwanafunzi awe na jambo la kufanya kwa mkono au kwa mdomo wake. Hatua zote zilizo hapa chini zinajengwa juu ya hilo.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Muhtasari wa somo na kitabu cha kiada. Vitabu vya Taasisi ya Elimu Tanzania vinasomeka bure kwenye Maktaba Mtandao yao.
- Simu janja moja yenye chaji ya kutosha, na spika za masikioni zenye maiki. Maiki ya simu yenyewe inabeba jogoo, bodaboda na kila kinachopita.
- Simu ya pili, hata ya kuazima, iliyoingia kikaoni kama mwanafunzi. Hiyo ndiyo itakayokuambia kwamba hausikiki.
- Njia mbili za mawasiliano: moja ya kikao cha moja kwa moja (Google Meet, Zoom), nyingine ya kuhifadhi kazi (kundi la WhatsApp au Telegram).
- Daftari la mahudhurio la karatasi. Usitegemee programu ikuhesabie, maana simu moja inaweza kuwa na wanafunzi watatu nyuma yake.
- Ruhusa ya mkuu wa shule na ya wazazi, kwa maandishi.

Usiruke hilo la ruhusa. Namba nyingi utakazoweka kundini ni za wazazi, na kila aliyemo ataziona. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata isingekuwepo, hakuna mzazi anayependa namba yake isambae kwa watoto 40 bila kuulizwa.

## Hatua ya 1: Jua kila mwanafunzi anaingia kwa kutumia nini

Kabla ya kupanga ratiba, tuma maswali manne tu: Simu ni ya nani? Inapatikana nyumbani saa ngapi? Bando ananunua nani? Mnaishika wangapi?

Majibu yatakubadilishia mipango yote. Mimi nilikuwa naweka kipindi saa 10 jioni, muda mzuri kwangu. Nikagundua zaidi ya nusu ya darasa wanatumia simu ya mama au baba, na simu hiyo inarudi nyumbani na mwenyewe saa 1 usiku. Nilikuwa nawaita watoro watu ambao simu zao zilikuwa sokoni.

Wenye vitochi usiwaache. Wape mwenzao wa mtaa mmoja, au uwatumie swali kwa ujumbe mfupi. Swali la historia lililoandikwa vizuri linaenea kwenye herufi 160.

Utajua umefaulu ukiwa na jedwali la majina yote, na mbele ya kila jina njia moja ya uhakika ya kumfikia.

## Hatua ya 2: Geuza mada iwe swali moja

Hapa ndipo wengi wanapoanguka, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mada inakuja hivi: sababu, mwenendo na matokeo ya Vita vya Maji Maji. Mwanafunzi akisikia "sababu", kichwa chake kinakimbilia orodha: kodi, kazi za shuruti, ukatili wa maakida (watawala wadogo waliowekwa na Wajerumani), kuporwa ardhi. Orodha hiyo ni sahihi, na ndiyo inayomlaza usingizi, kwa kuwa ameshaipata kwa kaka yake aliyemaliza mwaka juzi.

Sasa jaribu hivi: *Julai 1905, kule Nandete kwenye vilima vya Umatumbi, watu walianza vita kwa kung'oa miche ya pamba. Kwa nini waanze na pamba, wasianze na boma?*

Hapo hakuna orodha ya kudesa. Ili ajibu, mwanafunzi lazima ajue kwamba kuanzia 1902 serikali ya kikoloni ya Wajerumani, chini ya Gavana von Götzen, ilileta mashamba ya pamba ya pamoja chini ya majumbe na maakida. Kwamba watu walilazimishwa kuyalima huku mashamba yao ya chakula yakingoja. Kwamba malipo yalikuwa madogo kiasi cha wengine kukataa kuyapokea. Akishayajua hayo, ataona mwenyewe kwamba kung'oa miche michache lilikuwa tamko. Walichagua kitu ambacho akida asingeweza kukifumbia macho. Sababu zote za kwenye orodha zimeingia, ila sasa zina miguu na mikono.

Namna ya kupima swali lako: liandike kwenye sehemu ya kutafutia ya intaneti. Jibu likija kwa mstari mmoja, hilo ni swali la kuwasha moto, si la kubeba kipindi. Kwa mfano, Azimio la Arusha lilitangazwa Dar es Salaam tarehe 5 Februari 1967. Kwa nini basi linaitwa la Arusha? Jibu ni fupi: Halmashauri Kuu ya TANU, chama kilichotawala, ilikaa na kulipitisha Arusha mwishoni mwa Januari. Litumie kuamsha watu dakika za mwanzo. Vivyo hivyo na hili: kama tulipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, tulisherehekea nini tena tarehe 9 Desemba 1962? Wengi hawajui kwamba mwaka ule mzima mkuu wa nchi alikuwa bado Malkia Elizabeth II, hadi Jamhuri ilipotangazwa.

Tahadhari: swali moja kwa kipindi. Ukiweka matatu, utarudi kwenye kuhubiri ili uyamalize.

## Hatua ya 3: Tafuta vyanzo viwili vinavyogombana

Swali bila ushahidi ni gumzo. Chagua vyanzo viwili vifupi visivyokubaliana, kisha umwachie mwanafunzi kazi ya hakimu.

Kwa Maji Maji tuna bahati. Upande mmoja yupo von Götzen mwenyewe, aliyechapisha kitabu chake juu ya vita hivyo mwaka 1909. Upande wa pili zipo simulizi za wazee zilizokusanywa mwaka 1968 na wanafunzi wa historia wa chuo kikuu pale Dar es Salaam, waliokwenda vijijini kuwasikiliza watu waliokuwa hai wakati wa vita. Waambie wanafunzi wako hivyo: kazi ile ilifanywa na vijana waliowazidi miaka michache tu. Kila mara nikilisema hili, kuna anayeuliza, "Mwalimu, nasi tunaweza?" Jibu liko hatua ya 6.

Chukua aya moja tu kila upande. Iandike upya kwa maandishi ya kawaida, usitume picha ya ukurasa. Picha ni nzito, na kwenye skrini iliyopasuka haisomeki. Wekea mistari namba, 1 hadi 12 hivi. Namba hizo zitakuokoa baadaye, kikaoni na kwenye kusahihisha.

Ongeza chanzo cha tatu kwa kidato cha tano na sita: idadi ya waliokufa. Makadirio ya Wajerumani yalikuwa kama watu 75,000. Wanahistoria wa baadaye wamefika 250,000 hadi 300,000. Pengo hilo lenyewe ni somo, nami nalitumia kila mwaka.

Tahadhari ya picha. Ipo picha ya wafungwa wenye minyororo shingoni ambayo nimeiona ikiitwa Maji Maji, ikiitwa Mau Mau, na ikiitwa utumwa wa Bagamoyo. Picha isiyo na mahali, mwaka na mpigaji usiitumie kama ushahidi. Itumie kama kesi: waulize wangeithibitishaje.

Tahadhari ya akili mnemba. Itakutungia machifu ambao hawajawahi kuzaliwa, kwa Kiswahili fasaha kabisa. Itumie kupanga maswali ukipenda, ila majina na tarehe vichukue kwenye kitabu.

## Hatua ya 4: Tuma simulizi ya sauti usiku wa kuamkia kipindi

Usitume video. Ujumbe wa sauti wa dakika 5 unakula bando kidogo mno, unasikilizwa mara nyingi, na hata bibi akiwa jirani anasikiliza na kuchangia.

Simulia, usisome notisi. Mimi huanza na mtu mmoja mahali pamoja: Kinjikitile Ngwale, mganga wa kule Ngarambe, watu wakimiminika kwake kuchukua maji ya dawa waliyoamini yangewakinga na risasi. Halafu namfikisha Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, alikonyongwa vita ikiwa na wiki chache tu. Hapo nanyamaza kidogo, kisha naacha swali: kiongozi amekufa mwanzoni kabisa, vita iliendeleaje mpaka 1907?

Rekodia kwenye chumba chenye godoro na mapazia, vitu hivyo vinameza mwangwi. Shika simu shubiri moja kutoka mdomoni. Ukikosea neno, jisahihishe uendelee. Ukirekodi upya mara nane sauti inakauka na utasikika umechoka.

Utajua umefaulu ukiona kabla ya kipindi watu wameanza kubishana kundini bila wewe kuwaambia.

## Hatua ya 5: Endesha kikao cha dakika 40, usizidishe

Zoom isiyolipiwa hukata kikao cha watu wengi ikifika dakika 40. Nilikuwa nalichukia jambo hilo, siku hizi nalishukuru. Mgawanyo wangu uko hivi.

Dakika 0–5: mahudhurio yenye kazi. Usiite majina ili waitikie "nipo". Waambie kila mmoja aandike neno moja kwenye chati: *pamba* au *maji*, kipi kilichowasukuma watu zaidi? Tayari umejua nani yupo, na kila mmoja amechukua upande atakaotakiwa kuutetea.

Dakika 5–15: vyanzo viwili. Jana yake uliwapa jozi za wanafunzi mistari yao. Sasa ita jozi: "Jozi ya nne, mstari wa 6 na wa 7, mwandishi anataka tuamini nini?" Kuita mtu bila kumwandaa mtandaoni kunamwaibisha mbele ya ukoo mzima unaosikiliza kupitia spika, na wiki ijayo haingii.

Dakika 15–30: pengo. Kwa nini namba moja ni 75,000 na nyingine inafika 300,000? Uliza, kisha kaa kimya. Hesabu sekunde 10 kwa saa. Ni ndefu kama foleni ya hospitali, lakini ukizijaza kwa sauti yako umewafundisha kwamba wakinyamaza utajibu mwenyewe.

Mara nyingi anayefungua ni yule wa kona ya nyuma. Mmoja aliwahi kuniuliza, "Mwalimu, waliokufa njaa baada ya vita wanahesabiwa?" Nikamrudishia swali darasa zima. Kikao kizima kikageuka. Wakafika wenyewe kwenye ile mbinu ya Wajerumani ya kuchoma mashamba na maghala ya chakula, wakaona kwamba wengi waliangamizwa na njaa, si na risasi, na njaa haikukoma siku bunduki ziliponyamaza. Anayehesabu maiti za vitani tu na anayehesabu makaburi ya njaa hawawezi kupata namba moja.

Dakika 30–38: kalamu. Kila mmoja aandike sentensi tatu kwenye daftari, apige picha, atume. Kwenye daftari, nasisitiza, si kwa kuchapa. Kilichochapwa kinanakiliwa kwa mguso mmoja.

Dakika mbili za mwisho nazitumia kutaja majina ya waliotoa hoja. Wanazisubiri kweli.

Utajua umefaulu ukirekodi kikao, ukakisikiliza, ukakuta sauti yako imechukua chini ya nusu ya muda. Mara ya kwanza nilijikuta na dakika 33 kati ya 40.

### Mada zenye majeraha

Mapinduzi ya Zanzibar ya tarehe 12 Januari 1964 ni ya namna hiyo. Darasani unaweza kuwa na mjukuu wa aliyeyashangilia na mjukuu wa aliyekimbia usiku ule. Usimwombe mtoto yeyote aseme "kwenu walikuwa upande gani". Fundisha kwa vyanzo, na anayetaka kusimulia habari za nyumbani akutumie faragha. Kumbuka pia kwamba kikao cha mtandaoni kinarekodika na mtu yeyote. Kauli ya mtoto wa miaka 16 isije ikazunguka nchi nzima.

## Hatua ya 6: Watume kwa wazee

Mwanafunzi aliye bwenini hana babu wa kumhoji. Aliye nyumbani likizo anaye, au anaye mzee wa jirani. Faida hii ya mtandaoni darasa la kawaida halina, na ajabu ni kwamba walimu wachache tu wanaitumia. Na kwa kuwa Historia ya Tanzania na Maadili inafundishwa kwa Kiswahili, maneno ya mzee yanaingia kwenye kazi ya mwanafunzi kama yalivyosemwa.

Maji Maji hatumpati tena shahidi. Operesheni Vijiji, ile ya kuwahamishia watu kwenye vijiji vya pamoja, tunao wengi. Mwalimu Nyerere alitangaza Novemba 1973 kwamba kuishi vijijini ni lazima, na mwisho wa 1976 uwe ndio ukomo. Aliyekuwa na miaka 12 wakati huo leo ni mtu mzima wa miaka 60 na zaidi, na kumbukumbu yake ni kali.

Wape utaratibu huu:

1. Salamu kwanza, shikamoo, habari za afya, za shamba. Simu ibaki mfukoni.
2. Omba ruhusa ya kurekodi, ueleze sauti itasikika kwa nani. Mzee akikataa, andika kwa kalamu. Akikataa na kalamu, msikilize tu umshukuru.
3. Uliza vitu, usiulize hukumu. "Operesheni Vijiji ilikuwa mbaya?" inampa mzee nafasi ya kukujibu siasa. "Siku mnahama nani alibeba nini? Nyumba ya zamani ilibaki na nani? Maji mlichota wapi?" inamrudisha mahali penyewe.
4. Kila tarehe itafutie nguzo. Mzee atakwambia "mwaka ule wa njaa" au "kabla ya vita vya Amin". Majeshi ya Amin yaliingia Kagera Oktoba 1978, kwa hiyo "kabla ya Amin" ina mwisho unaojulikana. Mfundishe mwanafunzi kupachika kumbukumbu katikati ya tarehe mbili za uhakika.
5. Jina la mzee lisiandikwe kundini. "Mzee wa miaka 68, mkulima" inatosha.

Kuna msichana aliyeniletea dakika mbili tu za sauti. Bibi yake anasimulia kwamba waliambiwa wapande lori, na mama yake akarudi ndani kuchukua jiwe la kusagia. "Mawe hayako huko mnakotupeleka?" askari akauliza. Akajibu: hili linajua mkono wangu. Nimefundisha mada hiyo miaka mingi na sikuwahi kuwa na mfano unaokaribia huo.

Tahadhari: mzee mmoja si taifa. Baada ya kazi kufika, ziweke simulizi tano pamoja na uulize zinapokubaliana na zinapoachana. Mwingine atasimulia jinsi alivyopata shule na zahanati kwa mara ya kwanza, na huyo naye asizimwe.

## Hatua ya 7: Sahihisha kwa kigezo kimoja

Usijaribu kusahihisha picha 38 za daftari kwa kila kitu, utapofuka. Wiki hii angalia jambo moja tu: je, ametaja namba ya mstari wa chanzo? Wiki ijayo: je, ameeleza kwa nini anaamini chanzo kimoja kuliko kingine? Toa maoni kwa ujumbe wa sauti wa sekunde 30, kwa faragha. Mkato wa "kazi nzuri" haumsaidii mtu.

Aliyedesa utamjua upesi. Muulize mstari wa 9 unasema nini.

## Mambo yakienda mrama

Mtandao wako umekatika katikati. Kubaliana nao mapema: mwalimu akipotea dakika 3, kila jozi iendelee na kazi ya kalamu na kuituma kundini. Kiranja anashika usukani.

Mgeni kaingia kikaoni anapiga kelele. Weka chumba cha kusubiria, kila aingiaye atumie jina lake la daftarini. "Samsung A14" haingii.

Wanakuwa wengi wiki ya kwanza, wachache wiki ya tatu. Usitume onyo kundini. Wanaosoma onyo ni walewale waliohudhuria. Chukua daftari la mahudhurio, chagua majina matano, piga simu ya kawaida usiku. Salimia mzazi kwanza, usianze na utoro. Mwambie jambo moja ambalo mwanawe alilisema vizuri kipindi kilichopita, halafu uliza simu huwa nyumbani saa ngapi siku hizi. Mara nyingi utasikia kwamba bando liliisha Jumanne, na kwamba mtoto aliona aibu kulisema. Mtumie swali la wiki kwa ujumbe mfupi usiku huohuo, ajibu kwa daftari, picha ataituma simu ikipata bando.